Hedifoni na prosesa ya sarandi kwa ajili ya muvi: mbona sauti zote zinabaki kichwani?

usiku_mnene:

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayeelewa haya mambo ya sauti. Mimi muvi naangalia usiku watu wakiwa wamelala, spika haziwezekani na sabufa ndio kabisa. Kwa hiyo nikachukua kiboksi cha prosesa ya sarandi (sauti ya kukuzunguka pande zote), kile ambacho unachomeka kebo ya optiko kutoka kwenye TV halafu hedifoni unachomeka kwenye kiboksi chenyewe. Hedifoni ninazo nzuri tu, zile kubwa zinazofunika sikio lote, zimezibwa nyuma.

Sasa shida iko hapa. Nikibonyeza kitufe cha sarandi sauti inabadilika kweli, inakuwa na mwangwi fulani hivi wa chumba, ila kila kitu bado kiko ndani ya kichwa. Watu wakiongea nawasikia katikati ya paji la uso, mvua ikinyesha inanyesha ndani ya fuvu, gari likipita linaingilia sikio la kushoto linakatiza ubongo linatokea la kulia. Ninachotaka mimi ni maongezi yatoke pale kwenye skrini na vitu vya nyuma viwe nyuma, basi.

Hivi hii kitu inawezekana kweli kwa hedifoni zenye spika mbili tu? Au nitafute zile zinazotangazwa kwamba zina spika nyingi ndani ya kila upande? Na Bluetooth je, kwa muvi inafaa? Naulizia yote kwa pamoja maana nimesoma mpaka nimechanganyikiwa.

fundi_mawimbi:

Mkuu inawezekana kabisa, na wewe mwenyewe ndio ushahidi maana una masikio mawili tu na bado mtu akikuita kwa nyuma unageuka upande alipo. Sauti ikitoka kushoto inafika sikio la kushoto kwanza, la kulia inachelewa kidogo sana, haizidi sana sehemu 0.7 ya milisekunde kwa kichwa cha mtu mzima, na ubongo unaikamata hiyo tofauti. Halafu kichwa chenyewe kinaziba sauti nyembamba kwa hiyo sikio la mbali linazipata zikiwa zimefifia. Na ile mikunjo ya sikio la nje inapunguza masafa fulani na kuongeza mengine kutegemea sauti imetoka mbele, nyuma au juu. Vyote hivyo kwa pamoja wataalamu wanaviita HRTF.

Prosesa kazi yake ni hiyo hiyo tu. Ikipokea sauti ya 5.1 ina chaneli sita: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za nyuma pembeni, na ile ya besi. Kila chaneli inapitishwa kwenye filta mbili, moja ya jinsi sikio la kushoto lingeisikia spika hiyo ingekuwepo pale chumbani na nyingine ya sikio la kulia, kisha zote zinajumlishwa zinabaki mbili zinaenda kwenye hedifoni. Juu yake wanaongeza mwangwi wa chumba cha kufikirika maana bila mwangwi ubongo haukubali kwamba sauti iko nje ya kichwa. Mambo haya si mapya hata, kampuni ya Lake ya Australia ndiyo iliyotengeneza ile Dolby Headphone miaka ya 1990 mwishoni, na ilikuwa na vyumba vitatu vya kuchagua, DH1 mpaka DH3, kuanzia chumba kidogo kikavu hadi kikubwa chenye mwangwi.

Kwa hiyo zile za spika nyingi ndani ya kila upande achana nazo. Kispika kilichoko sentimita mbili kutoka sikioni hakiwezi kujifanya kiko mita tatu nyuma yako kwa sababu tu kimesogezwa kidogo upande wa nyuma wa kikombe, na kwa vile wanalazimika kubana vispika vingi sehemu ndogo kila kimoja kinakuwa dhaifu. Spika moja nzuri kila upande pamoja na prosesa inayojua kazi yake ndio njia.

Sasa kwako wewe. Umesema mwangwi unausikia lakini uelekeo haupo. Hapo nina wasiwasi kwamba kiboksi chako hakipokei 5.1 kabisa, kinapokea stirio kutoka kwenye TV na kuiweka chumbani, ndio maana unapata mwangwi mtupu. Kebo ya optiko inabeba kitu kimoja kati ya viwili: PCM, yaani sauti isiyobanwa, ya chaneli mbili, au sauti iliyobanwa ya Dolby Digital au DTS ambayo ndiyo yenye 5.1. TV nyingi zikitoka dukani zimewekwa PCM. Ingia setingi za sauti za TV, sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, toa PCM weka Dolby Digital au bitistrimu au "auto", majina yanatofautiana. Kisha angalia kiboksi, vingi vina taa ndogo iliyoandikwa Dolby Digital. Ikiwaka wakati muvi inacheza umeshinda.

Njia nyingine ya kuhakikisha ni kutafuta klipu ya kupima chaneli, zile ambazo sauti ya mtu inataja "mbele kushoto", "katikati", "nyuma kushoto" na kuendelea. Fumba macho usikilize hizo za kushoto mbili. Kama mbele kushoto na nyuma kushoto zinatokea sehemu moja ile ile basi TV inazichanganya kabla hazijafika kwenye kiboksi na hakuna prosesa duniani itakayozitenganisha tena vizuri.

sikio_la_tatu:

Fundi kaeleza vizuri, naongezea upande wa mbele maana ndio unaosumbua watu wengi hata wakiwa wameunganisha kila kitu sawasawa.

Pembeni na nyuma huwa rahisi, mbele ndio kazi. Zile filta zimepimwa kwa kichwa cha mtu mwingine au kwa sanamu la kichwa la maabara, na sikio lako wewe lina mikunjo yake. Ni kama kuvaa miwani iliyopimwa kwa macho ya jirani, unaweza ukabahatika ikakukaa, unaweza ukaona ukungu. Ndio maana mtu mmoja atakwambia prosesa fulani ni moto wa kuotea mbali na mwingine akiivaa ile ile anasikia sauti zinatoka juu ya utosi. Wote wanasema kweli.

Sababu ya pili ni kichwa kutingishika. Jaribu hivi bila hedifoni: mtu aongee mbele yako, geuza uso kidogo kulia, sauti yake inahamia sikio la kushoto. Akiwa nyuma yako ukageuza uso kulia inahamia sikio la kulia. Tunafanya hivyo siku nzima bila kujua na hapo ndipo ubongo unapopata jibu la mbele au nyuma. Kwenye hedifoni za kawaida ukigeuka dunia nzima inageuka na wewe, jibu linapotea, na ubongo ukikosa jibu unaiweka sauti ndani ya kichwa au unairusha nyuma.

Suluhisho la hayo mawili yapo ila yanatofautiana gharama. Kilele chake ni Smyth Realiser, mashine ambayo unakaa kwenye chumba chenye spika za kweli, unaweka maiki ndogo ndani ya masikio yako mwenyewe, inapima kila spika, halafu ukivaa hedifoni zenye kifaa cha kufuatilia kichwa unasikia chumba kile kile na spika zimebaki pale pale hata ukigeuka. Walioisikia wanavua hedifoni kuhakikisha kama spika hazijawashwa. Bei yake ndio si ya kila mtu. Creative walitoka na Super X-Fi mwaka 2018, yenyewe unapiga picha uso na masikio kwa simu na programu inakadiria filta zako. Apple wakaweka kufuatilia kichwa kwenye AirPods Pro mwaka 2020, na 2022 wakaongeza kupima masikio kwa kamera ya iPhone. Hizo za picha si sawa na kupima kwa maiki lakini kwa watu wengi zinasogeza mambo.

Na kwa ulicho nacho sasa hivi usikate tamaa, ubongo unajifunza. Kiboksi chako bila shaka kina vyumba au modi zaidi ya moja, pitia zote ukitumia kipande kile kile chenye maongezi, chagua ile ambayo sauti ya mtu inasogea mbele hata kama si nzuri sana kwa muziki, baki nayo hiyo hiyo usibadilishe badilishe kila dakika. Kaa ukiitazama skrini wima, macho nayo yanasaidia, ukiona mdomo unacheza pale ubongo unaivuta sauti pale. Na siku ukipata nafasi jaribu hedifoni za wazi nyuma, sauti yake haijifungii na kutoka nje ya kichwa kunakuwa rahisi. Ubaya wake aliyelala pembeni atasikia kidogo, kwa hiyo utapima mwenyewe.

usiku_mnene:

Wakuu nyie ni watu!! Nimeingia kwenye setingi kweli nikakuta PCM, nimeweka Dolby Digital taa ikawaka, ile klipu ya kupima chaneli sasa nyuma kushoto iko nyuma kushoto, nimegeuka kabisa kuangalia mlango. Mvua nayo imetoka kichwani, iko pande zote na ngurumo iko mbali huko. Maongezi bado hayajafika kwenye skrini ila yametoka kwenye paji la uso, yako kama kiganja kimoja mbele ya pua, na nimeona modi ya chumba cha katikati ndio inanikaa.

Yamebaki mambo mawili. Muvi nyingine taa inarudi PCM yenyewe, kwa nini? Na maongezi yamekuwa madogo kuliko zamani, nikiongeza sauti nisikie wanachosema, ikija milipuko naruka kwenye kochi.

fundi_mawimbi:

Safi sana mkuu. Taa kurudi PCM mara nyingi ni muvi yenyewe au apu inatoa stirio, angalia kwenye maelezo ya muvi kama wameandika 5.1, na ndani ya muvi kwenye kuchagua lugha saa nyingine kuna sauti mbili za lugha moja, moja stirio moja 5.1, chagua ya pili. Sababu nyingine ni DTS, TV kadhaa haziipitishi kwa hiyo faili la DTS likichezwa kwenye TV linaweza kutoka stirio au kukaa kimya. Na kama sauti ni Dolby Digital Plus, optiko haiibebi kama ilivyo, TV inatakiwa iigeuze kuwa Dolby Digital ya kawaida, nyingi zinafanya hivyo zenyewe. TrueHD na Atmos kamili, zile za Dolby zenye data nyingi zaidi, kwa optiko sahau, hizo zinataka HDMI.

Maongezi kuwa madogo ni kitu cha kawaida na si kosa la vifaa. Muvi inachanganywa kwa ajili ya ukumbi mkubwa, kiwango cha sinema kila chaneli ya mbele inaruhusiwa kufika kilele cha desibeli 105 na ya besi 115, wakati maongezi yanakaa chini sana ya hapo. Maongezi karibu yote yako chaneli ya katikati. Tafuta kwenye kiboksi kama kuna setingi ya kiwango cha katikati, ipandishe kidogo kidogo, desibeli 2 au 3 zinatosha, ukizidisha mazingira yote yanapotea nyuma ya waongeaji. Kama haipo washa modi ya usiku, wengine wanaiita DRC, ile inapunguza milipuko na kuinua sauti ndogo. Dolby Digital ina maelekezo ya hiyo kitu ndani yake kabisa kwa hiyo inafanya kazi kwa ustaarabu.

Ila usitatue kwa kuongeza sauti tu, nakuomba sana. Hedifoni hazina ukuta wa kukugongea. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mwisho wa usalama kwa mtu mzima, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Weka sauti kwa kipimo cha maongezi yanayosikika vizuri, halafu modi ya usiku ishughulike na milipuko.

Na besi usiidai sana hedifoni. Ngurumo ya sinema unaisikia kwa kifua na kiti, masikio peke yake hayatoi hiyo hisia. Kuna vifaa vya kufunga chini ya kiti vinavyotikisika kufuata chaneli ya besi, watu wanaovitumia na hedifoni wanavisifu, ila kama sakafu inapitisha mtikisiko basi waliolala wataamka tu.

laptopu_na_popkoni:

Wanaotumia kompyuta nao wasome hapa maana kiboksi si lazima. Windows ina Windows Sonic ya bure imo ndani, unaingia setingi za sauti unachagua sauti ya anga, na tangu 2017 kuna Dolby Atmos for Headphones ya kulipia, DTS Headphone:X nayo ipo. Kuna na HeSuVi ambayo ni bure, inakaa juu ya Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya Windows, ndani yake kuna filta zilizorekodiwa kutoka kwa prosesa nyingi tofauti kwa hiyo unaweza kujaribu moja baada ya nyingine mpaka upate inayoendana na sikio lako, kwa hilo naona hakuna kinachoishinda.

Kitu kimoja kinachoharibu watu wengi: kuwasha prosesa mbili. Mtu ana hedifoni za gemu zenye 7.1 yake ndani ya USB, juu kawasha Windows Sonic, na kwenye pleya kawasha tena kitu cha "3D". Sauti imepita chumbani mara tatu, inatoka imepauka kama bombani, kisha anaandika kwamba sarandi ya hedifoni ni utapeli. Washa moja zima zote. Na hakikisha pleya inatoa chaneli sita kwenda kwa hiyo moja.

Kuhusu Bluetooth, uelekeo haupotei kwa sababu ukishatoka kwenye prosesa ni chaneli mbili tu na Bluetooth inabeba mbili. Tatizo ni kuchelewa, kodeki (njia ya kubana sauti) ya kawaida SBC inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 150 na midomo inaachana na maneno. Kodeki nyingine, aptX Low Latency, inashuka hadi kama 40 ila lazima iwepo pande zote mbili. Kwenye pleya ya VLC ya Windows unaweza kubonyeza J sauti ikatangulia kwa milisekunde 50 kila mbonyezo, K kurudisha. Kwa TV mimi ningebaki na waya, au hedifoni zisizo na waya zinazotumia kitako chake zenyewe cha redio.

mpenda_stirio:

Mimi nitasema tofauti kidogo. Nimejaribu hizi prosesa nyingi na kila nikirudi kwenye stirio safi naona sauti za watu zinakuwa za watu tena. Filta za masikio ya mtu mwingine zinapaka rangi kila kitu, vinanda vinakuwa na kamwangwi ka bafuni. Hedifoni nzuri na mchanganyiko mzuri wa stirio mtu anasahau baada ya muda kama sauti iko kichwani, hadithi inakubeba.

sikio_la_tatu:

@mpenda_stirio nakuelewa na kwa muziki niko upande wako kabisa, prosesa naizima. Muvi za zamani zenye mono au stirio nazo nazima. Lakini muvi iliyochanganywa 5.1 ukiibana kuwa stirio kuna vitu vinapotea, kwa kawaida ile chaneli ya besi inatupwa yote, na za nyuma zinarundikwa juu ya za mbele. Mchanganyaji aliweka mtu anatembea nyuma yako kwa makusudi, wewe unamsikia yuko kwenye skrini na wengine, ile hofu aliyokusudia haipo. Kwa hilo mimi nakubali karangi kadogo.

usiku_mnene:

Nimepandisha chaneli ya katikati desibeli 3 na nimewasha modi ya usiku, siruki tena na kila neno nalisikia. Swali la mwisho, mwenzangu kasikiliza na yeye anataka. Naweza kuweka kigawanyo cha waya tukachomeka hedifoni mbili?

fundi_mawimbi:

Unaweza, mradi hedifoni ziwe za aina moja au angalau zenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinazokaribiana. Ukiweka ya omu 32 na ya omu 300 kwenye kigawanyo kimoja sauti hazitalingana, mmoja atapigiwa kelele mwingine ananong'onezwa, na kiboksi hakina namna ya kurekebisha kila mmoja peke yake. Kama ni tofauti tafuta amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu kadhaa, kila tundu na kitufe chake cha sauti, uiweke baada ya prosesa. Na mwenzio ajaribu modi zote upya mwenyewe kabla hamjakubaliana ya kutumia, inayokukaa wewe inaweza isimkae yeye.